Kimya cha Kinondo, Kimya cha Bombo

Kabla ya kuingia Kaya Kinondo unafungwa kaniki kiunoni, hata kama umekuja na suruali yako ya bei. Kisha unaambiwa masharti. Usivunje tawi. Usitoke na kitu, hata jani lililoanguka lenyewe. Wapenzi wasibusiane humo ndani. Msitu wenyewe ni kama hekta 30 tu, kusini mwa Diani, karibu na ufuo wa Galu, na ufuo huohuo ndio hoteli zinauza yoga ya alfajiri na meditesheni ya machweo.

Sina ugomvi na yoga. Tangu niache chuo nikaanza kuishi kwa kazi za kuandika za hapa na pale, kichwa changu kiko kama steji ya Likoni jioni, makanga wote wanaita abiria kwa pamoja. Nina programu kwenye simu inayoniambia nivute pumzi, niitoe, nijipende. Inasaidia kiasi. Ila nyuma yake kuna imani mbili ambazo vijana wengi tumezimeza bila kutafuna. Ya kwanza, kwamba kutuliza akili ni kitu kilicholetwa Pwani na mgeni kwenye begi lake. Ya pili, kwamba ukishatulia tu, upendo utaota moyoni wenyewe. Historia ya Kwale inazikataa zote mbili.

Tuanze na ya kwanza. Kaya, kwa lugha za Mijikenda, ni makao. Masimulizi ya wazee yanasema Wadigo na ndugu zao wanane walitoka Singwaya, kaskazini, wakikimbia vita, wakajenga vijiji vyenye ngome katikati ya misitu. Humo walizika fingo, kinga ya mji. Kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimehamwa, watu wakawa mashambani na mijini. Waliobaki ni wafu. Basi makao yakageuka mahali pa kuombea. Mvua ikikatika au maradhi yakizidi, wazee huingia, huomba, hutoka. Huko hakuendwi kupiga stori.

Na Wadigo wengi ni Waislamu, kwa hiyo kimya kina nyumba nyingine. Kaskazini mwa ufuo wa Diani, pale Mto Mwachema unapoingia baharini, upo Msikiti wa Kongo, wa kale, katikati ya mibuyu. Hapo, kama msikiti wowote wa Pwani, sala ikiisha watu hawainuki mbio. Subhanallah mara 33, Alhamdulillahi mara 33, Allahu Akbar mara 33. Kidole kinahama kutoka punje moja ya tasbihi hadi nyingine, pumzi inashuka, mabega yanashuka. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alipoanza kuwafundisha wagonjwa wa Massachusetts, Marekani, kutulia kwa mbinu zilizotokana na Ubuddha, kina bibi wa Msambweni walikuwa tayari wako kwenye uradi wao. Si kitu kimoja, tusidanganyane. Tasbihi inamkumbuka Mungu, na programu ya simu inakukumbusha pumzi yako. Lakini kukaa kitako ukauambia moyo "tulia" hakukuja Diani kwa ndege.

Imani ya pili ndiyo nzito.

Kaya Bombo pia iko Kwale. Nayo ina miti mikubwa, kivuli na kimya. Mwaka 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, vijana walikusanywa na kuapishwa katika misitu ya huku, Bombo ikiwemo. Hasira yao ilikuwa na sababu: ardhi isiyo na hati, na kazi za hoteli na bandari walizoona zinakwenda kwa wengine. Wanasiasa waliichochea hasira hiyo kwa hesabu zao. Vijana wakaaminishwa kwamba kiapo kitawakinga na risasi. Usiku wa tarehe 13 Agosti walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari, wakachukua bunduki, kisha wakawageukia majirani zao waliowaita watu wa bara. Zaidi ya watu 100 waliuawa na takriban 100,000 wakakimbia makwao. Tume ya Jaji Akiwumi ilikuja kuchunguza baadaye. Kwa muda mrefu, kwa wengi, neno kaya likawa neno la kutisha.

Nikisoma habari hizo huwa nakwama hapohapo. Vijana wa Bombo hawakukosa utulivu. Walikuwa na msitu, walikuwa na nidhamu, walikuwa na maneno ya kurudiarudia. Kimya kilifanya kazi yake barabara: kilikaza kile walichoingia nacho. Na walichoingia nacho, au walichopandikizwa, ilikuwa chuki.

Ndiyo maana naona fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na wengi Pwani, imefikiria mbali ilipoiweka nia kuwa nguzo ya kwanza ya sala. Kabla hujatulia, sema unatulia kwa ajili gani. Na masharti ya Kinondo nayaona hivyohivyo. Usitoke na kitu, usivunje kitu: mafunzo ya kupenda yanayoanza mikononi, kabla ya kufika moyoni. Unaambiwa msitu huu una wenyewe, waliokufa na ambao hawajazaliwa, kwa hiyo jibane kidogo.

Kujibana huko kumeuokoa msitu. Kisiwa cha Chale, hapo jirani, kina kaya pia, na leo kina hoteli. Kinondo ingeweza kwenda njia hiyo. Serikali ilianza kuzilinda kaya kisheria mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO ikaiingiza Kinondo na kaya nyingine kwenye Urithi wa Dunia, lakini sheria zilikuta wazee na wanakijiji wameshaulinda kwa vizazi, bila mshahara.

Kwa hiyo vuta pumzi, kwa simu, kwa tasbihi, kwa namna yako. Jipende pia, si dhambi. Ila ukifumba macho, mtaje kwa jina jirani usiyempenda, yule wa dini nyingine, yule wa kabila lingine, yule aliyepata kazi uliyoitaka. Mwache akae humo kimyani nawe dakika chache. Kama akitoka salama, endelea kesho.