Breki ya kinga, kutoka Namawala hadi kwenye vidonge vya mama mdogo

Mama mdogo alipoanza kuumwa viungo, kila mtu pale Ifakara alikuwa na jina moja tu la ugonjwa wake: malaria. Anapimwa, anaambiwa wadudu wapo wawili watatu, anapewa dawa mseto, analala siku tatu, anaamka, anarudi shambani kwenye mpunga. Baada ya mwezi vidole vimevimba tena. Kituo alichokuwa akitibiwa sitakitaja. Nadhani kituo chochote bondeni kingefanya hivyo hivyo. Vipele vikamtoka usoni, shavu hadi shavu kupitia juu ya pua, akaambiwa ni sabuni. Ilipita karibu miaka mitatu ndipo daktari mmoja Dar es Salaam akamwambia ana lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili ule ule inaotakiwa kuulinda.

"Sasa mwanangu," akaniuliza tukiwa kwenye basi, "mimi mwili wangu nimeukosea nini?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni mwandishi wa habari, biolojia niliiacha kidato cha nne. Lakini swali lile lilinikaa, nikaanza kusoma. Nilichokikuta ni historia ambayo sehemu yake kubwa inapita humu humu kwetu Afrika Mashariki.

Tuanzie bondeni. Mwaka 1957 Rudolf Geigy, mtaalamu wa zoolojia kutoka Basel, Uswisi, alifungua maabara ndogo Ifakara. Mwanzoni hamu yao kubwa ilikuwa papasi na homa yake, pamoja na mbung'o. Maabara ile ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Miaka ya mwanzo ya tisini watafiti wake walihesabu mbu katika kijiji cha Namawala. Wakakuta mtu mmoja anaumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Soma tena. Hao ni wale wenye vimelea tu. Wengine wa kusumbua usingizi hawamo kwenye hesabu hiyo.

Mtoto anayekulia hapo, kinga yake haipati likizo. Kila usiku ni vita. Na jeshi lililo vitani kila usiku linahitaji kitu ambacho sisi wasomaji wa riwaya za vita tunakijua vizuri: mtu wa kusema basi, inatosha.

Mwilini kazi hiyo hufanywa na protini kadhaa. Ninayotaka kuizungumzia ina jina baya kama namba ya gari la serikali: FCGR2B. Inakaa kwenye ukuta wa seli za kinga, hasa seli B, zile zinazotengeneza kingamwili. Kingamwili zikishakuwa nyingi na zimeshamnasa adui, baadhi hurudi na kuigusa protini hii, nayo huiambia seli B ipunguze mwendo. Ni breki. Seli zinazomeza vimelea nazo zinayo, nazo huzuiwa vivyo hivyo zisile kwa pupa.

Breki ikilegea, nini kinatokea? Jibu lilianza kutafutwa kabla protini yenyewe haijajulikana. Mwaka 1968 daktari kijana Mwingereza, Brian Greenwood, akifanya kazi Ibadan, Nigeria, alipitia kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali yake na kuona jambo la ajabu. Baridi yabisi na lupasi, magonjwa aliyoyazoea kwao, pale yalikuwa machache mno. Wakati huo huo, watu weusi wa Marekani, ambao mababu zao wengi walichukuliwa pwani hiyo hiyo ya Afrika Magharibi, wanaugua lupasi kuliko wazungu wa huko. Damu ni ile ile, magonjwa tofauti. Greenwood akashuku malaria. Mwaka 1970 yeye na wenzake wakachukua panya wa ukoo unaozaliwa na ugonjwa unaofanana na lupasi, wakawaambukiza malaria ya panya. Ugonjwa wao ukazuilika.

Ikabaki nusu ya pili ya kitendawili: kama jeni za lupasi zinaua, kwa nini hazijafutika? Jibu moja lilipatikana karibu na nyumbani, Kilifi, pwani ya Kenya. Jeni ya FCGR2B ina toleo lililobadilika herufi moja, likabadili asidi amino moja katika nafasi ya 232, na protini inayotoka haikai vizuri kwenye ukuta wa seli. Breki iliyolegea. Mwaka 2010 watafiti wa Cambridge na Kilifi walitoa matokeo yao: watoto wa Kenya waliorithi toleo hilo kwa wazazi wote wawili walikuwa na hatari ndogo zaidi ya malaria kali. Kwa watu wa asili ya Ulaya na Asia, kurithi hivyo hivyo kuliambatana na lupasi. Na toleo hilo limeenea zaidi Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki kuliko Ulaya, yaani kule ambako malaria imeua watoto kwa vizazi.

Sijui kama mama mdogo analo. Hajapimwa, na kipimo chenyewe si cha kukuta Ifakara wala kisingebadili dawa zake. Lakini nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo labda ndiyo iliyonivusha utotoni." Katika familia yao walizaliwa tisa. Waliokua ni watano.

Sasa kansa. Mwaka 2000, New York, maabara ya Jeffrey Ravetch ilitoa matokeo mawili ambayo napenda kuyaweka pamoja. Panya wa aina fulani wasio na protini hii kabisa walipata ugonjwa kama lupasi. Na katika jaribio lingine, panya wasio nayo walipopewa dawa za kingamwili za kupambana na uvimbe wa saratani, dawa zilifanya kazi vizuri zaidi kuliko kwa panya wenye breki kamili. Kulegea kule kule kunakokuumiza viungo kunaisaidia dawa kuila saratani. Baadaye ikaonekana pia kwamba baadhi ya saratani za seli B zinaitumia protini hii kuimeza dawa ya rituksimabu na kuiondoa juu ya ukuta wao.

Na saratani ya seli B ndiyo iliyotupa jina kwenye vitabu vya dunia. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya za watoto. Mwaka 1961 akaendesha gari na wenzake wawili maili 10,000 hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wameuona. Ramani iliyotoka ilifuata joto na mvua, na kwa hiyo ilifuata malaria. Virusi vya Epstein-Barr vilipatikana ndani ya uvimbe huo mwaka 1964. Malaria inazichochea seli B zizaane bila kupumzika, na katika kuzaana huko kipande cha kromosomu hukatika na kuunganishwa pasipo pake, protini iitwayo MYC ikawashwa moja kwa moja. Hiyo si breki. Hayo ni mafuta yaliyokanyagwa mguu ukagoma kutoka.

Hapa Tanzania walijaribu kulithibitisha. Kuanzia 1977 hadi 1982, Mara Kaskazini, watoto chini ya miaka kumi waligawiwa klorokwini. Malaria ikashuka, halafu ikapanda tena dawa ilipozoeleka kwa vimelea. Limfoma ya Burkitt ilipungua, ila ilikuwa imeanza kupungua kabla ya vidonge kufika. Matokeo ya kukera, lakini napenda kwamba waliyaandika hivyo hivyo yalivyo.

Kilombero nako mambo yamebadilika. Vyandarua vyenye dawa vilipoanza kuuzwa kwa bei nafuu mwaka 1997, uhai wa watoto waliolala ndani yake uliongezeka kwa asilimia 27. Malaria inapungua, na jeni zilizochongwa na Namawala ya zamani bado tunazo. Kama Greenwood alikuwa sahihi, vituo vyetu vitakutana na vidole vilivyovimba zaidi ya hivi, na mtoa huduma mwenye kipimo cha malaria tu mkononi ataviita malaria.

Mama mdogo sasa anameza haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini ile ile iliyokuwa ikimwasha mwili mzima akiwa msichana, ambayo Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Inaituliza kinga. Siku moja duka la dawa kijana alisoma cheti, akamtazama kwa huruma: "Shikamoo mama. Hii siku hizi haitibu malaria."

"Marahaba," akamjibu. "Nipe hivyo hivyo."