Waya Uliopita Ufipa

Mwanzoni mwa karne ya 20, pembezoni mwa uwanda wa Ufipa ulipita waya wa telegrafu uliokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo. Cecil Rhodes alianzisha kampuni ya kuujenga mwaka 1892. Ulitoka Salisbury ukafika Blantyre mwaka 1895, ukapanda kufuata Ziwa Nyasa hadi Karonga, kisha ukaelekea magharibi mpaka Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wa Tanzania na Zambia. Mbele ya hapo ilikuwa nchi ya Wajerumani, kwa hiyo Machi 1899 Rhodes alikwenda Berlin kuonana na Kaisari Wilhelm wa Pili, akapata ruhusa ya kuendelea. Nguzo zikasimikwa upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika mpaka Ujiji. Zikaishia hapo. Rhodes alifariki mwaka 1902, na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kampuni yake ilikuwa imeshavunjwa. Simulizi nyingi za mradi huu huutaja kama ndoto ya mkoloni iliyokatika njiani. Kwa watu wa Ufipa naona jambo zito zaidi ni jingine: waya uliwafikia, lakini wao hawakuunganishwa. Historia ya nyaya katika uwanda huu inaonyesha kuwa umbali huwa unashindwa mapema. Kinachobaki kuamuliwa ni wapi pawekwe kituo, na uamuzi huo ni wa watu.

Tuutazame waya wenyewe kwa karibu. Telegrafu ya masafa marefu ilihitaji waya mmoja tu wa chuma uliopakwa zinki, kwa kuwa ardhi yenyewe ilitumika kuurudisha umeme. Nguzo za miti zililiwa na mchwa, ndiyo maana katika nchi za joto wajenzi walipendelea nguzo za chuma. Juu ya kila nguzo palifungwa kikombe cha kauri cha kuzuia umeme usishuke ardhini. Mvua ilipolowanisha vikombe, kila kimoja kilivujisha kidogo, na baada ya mamia ya kilomita mvujo huo mdogo uliimeza ishara yote. Dawa yake ilikuwa kuikata safari vipande vipande. Katikati ya njia aliwekwa mpiga simu aliyepokea mipigo na kuituma upya, au kifaa chenye sumaku kilichofunga mzunguko mwingine wenye betri yake. Kwa hiyo waya mrefu ulikuwa, kwa kweli, nyaya nyingi fupi zilizopokezana. Sheria hiyo haijafutika. Waya wa mtandao tunaofunga maofisini leo, wenye jozi 4 za shaba zilizosokotwa, hupimwa kwa mita 100: 90 za ukutani na 10 za kuunganishia vifaa. Ukizidi hapo unahitaji swichi njiani, au unahamia kwenye faiba, ambayo nayo kwenye njia kuu huongezewa nguvu kila baada ya kilomita kama 80 au 100. Ufundi wenyewe, basi, unalazimisha vituo, na kila kituo ni mahali ambapo jirani angeweza kuunganishwa.

Mtu atasema Ufipa wa wakati ule haukuwa na habari za kutuma. Hoja hiyo haisimami. Mafundi wa Kifipa walikuwa wakiyeyusha chuma katika malungu, tanuri ndefu za udongo, na majembe yao yaliuzwa mbali na nyumbani. Wamisionari wa White Fathers walikuwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu mwaka 1885. Palipo na biashara, safari na ugonjwa, habari zipo. Lakini kampuni haikuwa ikitafuta habari za wafua chuma. Abercorn palikuwa na boma, Karonga na Ujiji palikuwa na bandari. Wenye waya walipapima mahali kwa haja zao, na aliyekaa katikati akabaki mtazamaji wa nguzo.

Gharama ya kukaa mbali na kituo ilionekana wazi Novemba 1918. Vita vilisimama Ulaya tarehe 11. Jeshi la Wajerumani la Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa maeneo ya Kasama, kusini mwa Abercorn, likiendelea kupigana, na lilipata habari tarehe 13, kwa kumkamata mjumbe wa Waingereza aliyekuwa akisafiri kwa pikipiki na barua yake. Habari iliyokuwa imeruka bahari kwa waya ilimalizia safari kwenye barabara ya vumbi. Lettow-Vorbeck alijisalimisha Abercorn tarehe 25. Maelfu ya wapagazi Waafrika walikuwa bado na mizigo kichwani siku hizo zote, na kwao kila siku ya kuchelewa ilikuwa siku ya njaa na homa.

Tanzania huru imeushughulikia umbali kwa nguvu. Kebo ya baharini ya SEACOM ilianza kazi Dar es Salaam Julai 2009, na mwaka huohuo serikali ikaanza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao pete yake ya magharibi imepita Sumbawanga na Mpanda kuelekea Kigoma. Si kazi ndogo. Kwingine nchini faiba ilipandishwa kwenye nguzo za umeme wa gridi, wakati Sumbawanga kwa miaka mingi ilikuwa nje ya gridi na ikinunua umeme kutoka Zambia. Wapo wanaosema kijiji hakihitaji tena waya kwa kuwa minara ya simu imetosha. Mnara, hata hivyo, hubeba tu kile ulichopewa na faiba au redio iliyo nyuma yake. Wakigawana wengi kilicho kidogo, kila mmoja hupata haba. Wengine hujibu kwamba kampuni haiwezi kulazimishwa kwenda pasipo na faida, na hilo ni kweli. Ndiyo sababu sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Tatizo lililobaki ni kipande cha mwisho, ambacho hakuna anayekiona ni chake. Tuseme faiba imefika ofisi ya kata, na shule iko mita 400 kutoka hapo. Shaba haifiki bila swichi tatu njiani, kila moja ikitaka umeme na kinga ya radi. Faiba inafika mara moja, lakini inataka mtaro na fundi wa kuiunga. Mtaro huo uandikwe kwenye bajeti ya mradi tangu mwanzo, pamoja na jina la shule na la atakayeutunza.