Mfupa Hauharakishwi

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka wa 1945, askari wengi wa Urusi walirudi makwao na mifupa iliyokataa kuunga. Huko Kurgan, Siberia, daktari kijana Gavriil Ilizarov alianza katika miaka ya 1950 kuwatibu wagonjwa wa namna hiyo kwa pete za chuma zilizozunguka mguu, zikishikwa na nyaya nyembamba zilizopenya mfupani. Akagundua jambo la ajabu: mfupa ukikatwa kwa uangalifu, kisha ncha zake zikatenganishwa milimita 1 tu kwa siku, mfupa mpya humea katika pengo lile. Ukivutwa upesi, pengo halijai. Ukicheleweshwa, huunga kabla ya wakati wake.

Valeriy Brumel, bingwa wa kuruka juu katika Olimpiki ya 1964, aliumia mguu katika ajali ya pikipiki mwaka wa 1965. Alipasuliwa mara nyingi bila kupona, hata alipomwendea Ilizarov mwaka wa 1968. Ndipo akaruka tena.

Lakini sentimita 1 huchukua siku 10, na mfupa mpya hukomaa kwa miezi. Muda huo wote mgonjwa hana budi kutembea na chuma chake na kunyoosha viungo, ingawa anaumia. Basi, kazi iliyoanzwa na kisu cha daktari humalizwa na subira ya mgonjwa.