Historia ya Uchunguzi wa Maradhi Ifakara na Bonde la Kilombero

Fungueni ramani ya Tanzania mtafute Morogoro. Kutoka hapo teremsheni kidole upande wa kusini-magharibi hata mfike milima ya Udzungwa. Chini ya milima hiyo liko bonde pana sana, na bondeni unapita mto Kilombero, uendao kujiunga na Rufiji. Ng'ambo yake ndiyo nchi ya Mahenge. Mji ulio karibu na mto ni Ifakara. Kidole chenu kikae hapo.

Kama ungekaa katika vijiji vya huko miaka ile ya 1990 ilipokaribia kwisha, siku moja ungebishiwa hodi na kijana mwenye daftari. Angekuuliza: nani wamelala nyumbani humu? Nani amezaliwa? Nani amehama? Nani amefariki? Ungemjibu. Baada ya miezi minne angerudi na maswali yale yale. Mtu mzima mwenye akili zake ana haki ya kusema, "Huyu anatafuta nini kwangu, na mimi napata nini?" Ndilo swali tutakalolijibu leo, nalo halijibiki ila kwa historia.

Kwanza tueleze neno. Uchunguzi, ambao siku hizi huitwa utafiti, ni kuuliza swali, kisha kutafuta jibu kwa kutazama, kupima na kuhesabu, na mwisho kuandika kilichoonekana, hata kama sicho ulichokitumaini. Maneno hayo ya mwisho yawekeni akilini, maana tutayahitaji mbele.

Hapo zamani za utawala wa Waingereza, waliouliza maswali bondeni walikuwa watumishi wa serikali. Bwana Culwick, aliyekuwa ofisa wa utawala huko, pamoja na mkewe, walitunga kitabu juu ya Wabena wa mitoni, kikachapishwa London mwaka 1935. Kwa bahati njema Mtema Towegale Kiwanga naye aliandika sura yake humo, hivyo si wageni peke yao waliosema. Lakini serikali ya kikoloni iliuliza ili ipate kutawala, na watu walilijua hilo. Tena katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki ilikuwapo hofu ya mumiani, yaani watu waliodhaniwa kuwaua wenzao ili wauze damu. Basi fikirini: anakuja mgeni na sindano, anaomba damu kidogo ya mtoto wako aende kuitazama. Nani asingeogopa? Mimi siwacheki waliokimbilia porini.

Mwaka 1949 alifika Ifakara Profesa Rudolf Geigy kutoka mji wa Basel katika Uswisi. Alikuwa mtaalamu wa wanyama na wadudu, na mkuu wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi iliyoanzishwa mwaka 1943. Ifakara palikuwa na misheni ya mapadre Wakapuchini wa Uswisi, na hospitali. Jambo moja alilolishughulikia sana ni homa ya papasi. Wazee wanamjua papasi: mchana hujificha katika vumbi na nyufa za sakafu ya udongo, usiku hutoka akanyonya damu ya aliyelala. Homa yake humshika mtu siku chache, ikamwacha akadhani amepona, kisha ikarudi. Wachunguzi waliingia nyumba kwa nyumba wakichekecha vumbi la sakafu ili kumpata mdudu huyo. Lakini hawangeingia kama mwenye nyumba asingewafungulia mlango. Tangu mwanzo kazi hii imesimama juu ya ruhusa ya mwenye nyumba.

Mwaka 1957 nyumba ya uchunguzi ya Waswisi ilifunguliwa Ifakara, na mwaka 1961 kikaanzishwa kituo cha kufundisha waganga wasaidizi wa vijijini. Baadaye jina limebadilika mara kadhaa; tangu mwaka 2008 ni Taasisi ya Afya Ifakara, chombo cha Kitanzania chenye wataalamu wa Kitanzania na wenzao wa nchi nyingine. Nayapita haya upesi, kwa sababu majina ya taasisi hayaponyi mtu. Twende kwenye kazi yenyewe.

Adui mkubwa wa bonde ni malaria. Mvua za masika zikinyesha, mto hufurika, maji yakatandaa mbugani, na mpunga hustawi. Mbu nao hustawi. Karibu na mwaka 1990 wachunguzi walitega mbu katika kijiji cha Namawala, wakawapima na kuhesabu wenye vijidudu vya malaria. Wakaona kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Mwaka una siku 365. Fanyeni hesabu wenyewe: ni karibu kila usiku.

Kwa hiyo ilipotokea habari ya chanjo ya malaria, matumaini yalikuwa makubwa. Chanjo hiyo iliitwa SPf66, na aliyeitengeneza ni Bwana Manuel Patarroyo wa Kolombia, katika Amerika ya Kusini. Mwaka 1993 ilianza kujaribiwa Idete, kijiji kingine cha Kilombero, kwa watoto 586 wa umri wa mwaka 1 hadi 5, kwa ridhaa ya wazazi. Karibu nusu yao walipata chanjo, na waliosalia walipata sindano isiyo na chanjo hiyo. Wazazi hawakujua mtoto gani kapata ipi, wala waganga waliowatazama watoto hawakujua.

Najua mtu atauliza: kwa nini kuficha? Je, si kuwaonea wale waliokosa? Jibu ni hili. Kama mganga angejua nani kapata chanjo, macho yake yangempendelea. Mtoto mwenye chanjo akipata homa angesema ni mafua tu. Na kama watoto wote wangepata chanjo, tungelinganisha na nani? Mkulima akitaka kujua kama mbolea inafaa, huitia upande mmoja wa shamba na upande wa pili akauacha. Lakini mtoto si mpunga. Ndiyo maana watoto wote hufuatiliwa na kutibiwa wakiugua, wa pande zote mbili.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1994: chanjo ilikuwa imepunguza malaria kwa asilimia 31. Yaani palipotazamiwa watoto 100 kuugua, waliugua 69. Watu walifurahi duniani kote. Kisha ikajaribiwa Gambia na Thailand, haikufaa. Ikajaribiwa tena hapo hapo bondeni kwa watoto wachanga 1,207, na matokeo yalipotoka mwaka 1999 nguvu yake ilikuwa asilimia 2, yaani kama hakuna. Chanjo hiyo ikaachwa.

Wako watakaosema kazi ile ilipotea bure. Mimi nasema sivyo. Kama watu wa bonde wasingekubali jaribio la pili lifanyike kwao, huenda mamilioni ya watoto wa Afrika wangechomwa sindano isiyofaa, wazazi wakatulia kwa usalama wa uongo. Wachunguzi waliandika "asilimia 2" wakati kila mtu alitaka kusikia zaidi. Tena walibaki na ujuzi wa kupima chanjo. Zile zilizokuja baadaye zilijaribiwa Tanzania pia, Bagamoyo pakiwa mahali pamojawapo, na mwaka 2021 Shirika la Afya la Dunia lilikubali ya kwanza itumike kwa watoto wa Afrika.

Sasa turudi kwa kijana wetu mwenye daftari. Alianza safari zake mwaka 1996, katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga, vyenye watu zaidi ya 60,000. Kila nyumba iliandikwa na kutembelewa kila miezi minne. Mwaka uliofuata, 1997, ukaanza mpango wa kuuza vyandarua na dawa ya kuvichovya, kwa jina la Zuia Mbu. Havikugawiwa bure, viliuzwa kwa bei nafuu na wenye maduka, viongozi wa vijiji, watu wa dini na wahudumu wa afya.

Jambo lililotakiwa kujulikana lilikuwa moja: je, chandarua chenye dawa kinaokoa maisha ya mtoto katika vijiji vya kawaida, mahali ambapo watu hununua wenyewe na kusahau kuchovya dawa kama binadamu wengine? Hospitali peke yake haiwezi kulijibu swali hilo, kwa kuwa watoto wengi walifia nyumbani na hawakuandikwa popote. Anayeweza kujibu ni yule anayejua kila mtoto aliyezaliwa, alilala chini ya nini, na kama bado yuko.

Jibu lilichapishwa mwaka 2001. Watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4 waliolala katika vyandarua vyenye dawa walipona kifo kwa asilimia 27 zaidi. Palipokufa 100 wasio navyo, wenye navyo walikufa kama 73. Mwaka 1999 ni watoto 18 tu katika kila 100 wa chini ya miaka 5 waliokuwa na kinga hiyo, na hata hivyo ilikisiwa kwamba kifo kimoja katika kila 20 cha watoto kilikuwa kimezuiwa. Kati ya wale wa chini ya miaka 2, wenye upungufu wa damu walishuka kutoka 49 hadi 26 katika kila 100. Hesabu hizo zilisaidia kuyashawishi mataifa kwamba vyandarua vyafaa kwa nchi nzima. Kila "ndiyo, yupo" na kila "hapana, tulimzika" iliyosemwa mlangoni imo ndani ya tarakimu hizo.

Pia kuna mambo ambayo hayahesabiki kwa tarakimu, ila kwa kukaa na watu na kusikiliza. Wachunguzi wa mila na desturi walijifunza kwamba akina mama wengi hutenga homa ya malaria na degedege. Homa hupelekwa zahanati. Mtoto akikakamaa na kugeuza macho, wengine humpeleka kwanza kwa mganga wa jadi, wakiogopa sindano. Kama bango la zahanati linasema "malaria" tu, mama huyo haoni kwamba linamhusu. Tena wakati wa mpunga familia huhamia mashambani, mbali na zahanati, zikalala katika dungu. Ilidhaniwa kwamba huko hawana kinga. Wachunguzi walipokwenda kutazama, walikuta wakulima wengi wamechukua vyandarua vyao hadi shambani. Mkulima alikuwa amekwisha kufikiri kabla ya mtaalamu.

Neno juu ya karatasi ya ridhaa. Zamani wengi waliweka dole gumba juu ya maneno waliyosomewa na mtu mwingine. Ninyi sasa mnajua kusoma. Mkiletewa karatasi hiyo, someni wenyewe, polepole: kazi hii ni ya nini? Watachukua nini kwangu? Kuna hatari gani? Naweza kuacha katikati bila kunyimwa matibabu? Kama jibu la swali mojawapo halimo, ulizeni kabla ya kutia sahihi.

Na kazi haijakwisha. Mwaka 2017 watafiti wa Ifakara waliandika kwamba mbu aitwaye Anofelesi funestus, ingawa ni wachache kuliko wenziwe, ndiye anayeleta zaidi ya 8 katika kila maambukizo 10 ya malaria katika vijiji walivyovichunguza, na dawa za vyandarua hazimwui kama zamani. Huzaliana katika vidimbwi vya chemchemi na kingo za vijito ambavyo havikauki kiangazi. Ili kuvipata, watafiti huuliza wenyeji wanapochota maji.

Kabla ya kufunga madaftari, jadilianeni darasani: kama nyumba moja katika kila kumi ingekataa kumjibu kijana yule, hesabu ya watoto ingekuwaje? Andikeni majibu yenu kwa sentensi tatu. Kwaherini.