Gugu la Mto: Mimea na Mwendo wa Maji Chini ya Kisangani

Historia ya Kisangani imezoeleka kuanzia kwenye miamba. Huelezwa habari za Maporomoko ya Boyoma, saba kwa idadi, ambayo Stanley aliyapita kwa taabu mwezi Januari 1877. Ambayo karibu nayo Tippu Tip aliweka makao yake. Na ambayo Wabelgiji waliyakwepa kwa reli ya kwenda Ponthierville, yaani Ubundu ya leo, iliyofunguliwa mwaka 1906. Makala haya yanatazama upande wa pili. Chini ya maporomoko, safari ya kilomita zipatazo 1,700 hadi Kinshasa haizuiwi na miamba. Kinachoamua njia huko ni mchanga pamoja na majani.

Mwinamo wa mto katika sehemu hiyo haufiki hata sentimita 10 kwa kila kilomita. Kwa hiyo kizuizi kidogo huwa na athari kubwa. Nyasi ndefu za ukingoni, hasa za jamii ya Vossia na Echinochloa, hupunguza kasi ya maji yanayopita kati ya mabua yake. Mchanga na tope hutua hapo, na fungu likishikwa na mizizi laweza kuwa kisiwa. Mto unapofurika, nyasi hizo hizo huyachelewesha maji yaliyoenea bondeni yasirejee upesi mtoni. Nahodha aliyesoma ramani peke yake, asisome majani, alikwama.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulizuka mmea wa namna nyingine: gugu maji, lenye asili ya Amazon na ua la zambarau la kupendeza. Kwa Kilingala liliitwa kongo ya sika, yaani Kongo mpya, na V. S. Naipaul, katika riwaya yake ya mwaka 1979 kuhusu mji unaofanana sana na Kisangani, analitaja kwa upya wake huo huo. Msimulizi wake, tukumbuke, ni mtu wa pwani yetu.

Tofauti ya gugu hili na nyasi za zamani yafaa ielezwe vizuri, kwa kuwa mara nyingi huchanganywa. Gugu maji huelea. Katikati ya mto huchukuliwa na mkondo, likasafiri pamoja na maji bila kuyazuia sana. Lakini likiingia katika kijito au tawi la mto lililo kimya, likajibana toka ukingo hadi ukingo, maji hukwaruzana na sakafu chini na zulia la mizizi juu. Mwendo hupungua, kina huongezeka, na hewa ndani ya maji hufifia hata samaki wakahama.

Serikali ya kikoloni ililipiga vita kwa dawa iitwayo 2,4-D. Hoja iliyotangulia ilikuwa meli: gugu lilizinga rafadha na kuchelewesha shehena baina ya Stanleyville na Léopoldville. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli, lakini kwa maoni yangu ilipima mto kwa kipimo kimoja tu. Meli ilipita katikati, mahali ambapo gugu lilikuwa mgeni mpitaji. Mvuvi wa mtumbwi aliishi kijitoni, mahali ambapo gugu lilikuwa limehamia. Tena maji yaliyonyunyiziwa dawa ndiyo watu wa kandokando waliyochota kwa kunywa na kupikia. Hasara ya meli yahesabika kwa siku na faranga. Ya kijiji kilichofungiwa mlango wake wa kwenda mtoni nani aliihesabu?

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 na vita vya mwaka 1964, kampeni haikuweza kuendelea kama ilivyopangwa. Mbegu za gugu huvumilia topeni kwa zaidi ya miaka 10, na kila mafuriko hung'oa mazulia kutoka vijitoni na kuyatia mkondoni, yakateremka kuelekea Yangambi, hadi yapate kijito kingine kilicho kimya.