Uhuru Uliokosa Mlinzi: Wapolandi na Walithuania wa Kale

Katika historia ya Ulaya tuliyosomeshwa, karne ya 16 ni karne ya watu kuchinjana kwa sababu ya dini. Mwezi Agosti 1572 maelfu ya Waprotestanti waliuawa Ufaransa. Lakini tarehe 28 Januari 1573, makabaila wa Poland na Lithuania walikutana Warsaw wakaahidiana kwamba, ingawa wanahitilafiana kwa dini, hawatamwaga damu wala kunyang'anyana mali kwa ajili hiyo.

Nchi hizo mbili zilikuwa zimeungana mjini Lublin mwaka 1569, zikawa na mfalme mmoja na bunge moja. Mfalme alichaguliwa na makabaila. Mwaka huo wa 1573 walimchagua Henri de Valois, ndugu wa mfalme wa Ufaransa, wakamtaka aape kuilinda ahadi ya Warsaw. Walithuania nao waliiingiza katika kitabu chao cha sheria cha mwaka 1588.

Hata hivyo, ahadi hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, ilikuwa ya makabaila, ambao hawakuzidi sehemu moja ya kumi ya watu wote; mkulima alibaki katika shokoa ya bwana wake. Pili, haikuwekewa chombo cha kuwaadhibu wavunjaji. Mwaka 1591 mjini Kraków kundi la watu, wanafunzi wakiwamo, liliteketeza kanisa la Waprotestanti; waumini wakaenda kusali kijijini.

Kadiri makabaila wa Kiprotestanti walivyorudi Ukatoliki, ndivyo watetezi walivyopungua bungeni. Mwaka 1658 bunge liliamua kuwafukuza Ndugu wa Poland, Wakristo waliokataa fundisho la Utatu. Mwaka 1668 Mkatoliki akakatazwa kubadili dini, adhabu ikiwa kufukuzwa nchini.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mgeni aliingilia katika ufa huo. Urusi ilidai kuwatetea Waorthodoksi na Waprotestanti, na mwaka 1768 bunge, likizingirwa na majeshi yake, liliwarudishia haki zao. Kati ya 1772 na 1795 Urusi, Prussia na Austria ziliigawana nchi yote.

Wenzangu mnaoshika mafaili mnajua kwamba waraka haujitekelezi wenyewe. Ahadi ya Warsaw iliandikwa vizuri. Ila wengi waliacha kuitetea mara tu haki iliyoguswa ilipokuwa ya jirani.