Francis Bebey

Francis Bebey (Douala, 15 Julai 1929 – Paris, 28 Mei 2001) alikuwa mwanamuziki, mwandishi na mtangazaji kutoka nchini Kamerun aliyeishi sehemu kubwa ya maisha yake nchini Ufaransa. Ni mmoja wa Waafrika wa mwanzo kuchanganya ala za jadi za bara hili na mashine za muziki wa umeme. Sehemu kubwa ya muziki huo aliurekodi peke yake, nyumbani kwake Paris, na kuutoa kwa lebo yake mwenyewe iliyoitwa Ozileka.

Utoto na masomo

Baba yake alikuwa mchungaji wa Kibaptisti. Nyumbani ziliimbwa tenzi za kanisa, na muziki wa Bach na Händel ulijulikana; ngoma na ala za jadi hazikukaribishwa katika nyumba ya mchungaji. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa kuwa zile ala alizozuiwa utotoni ndizo alizokuja kuzishughulikia ukubwani.

Katika miaka ya 1950 alikwenda Ufaransa kuendelea na masomo, na baadaye Marekani, ambako alisomea utangazaji wa redio mjini New York. Akiwa Ufaransa alikutana na kijana mwingine kutoka Douala, Manu Dibango, wakapiga jazi pamoja. Dibango alikuja kuwa nyota wa saksafoni mwenye bendi kubwa. Bebey alivutwa na gitaa la Mhispania Andrés Segovia, akachagua kupiga peke yake.

Redio, riwaya na UNESCO

Baada ya masomo alifanya kazi ya utangazaji, kwa muda nchini Ghana, na mwaka 1961 aliajiriwa na UNESCO mjini Paris. Mwaka uliofuata kaka yake, Dkt. Marcel Bebey Eyidi, aliyekuwa mwanasiasa wa upinzani, alikamatwa nchini Kamerun pamoja na viongozi wenzake.

Huko UNESCO kazi yake ilihusu muziki, hasa utafiti na uhifadhi wa muziki wa jadi wa Afrika. Kazi hiyo ilimfunza mengi. Kitabu chake kuhusu muziki wa Afrika kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1969 na kwa Kiingereza mwaka 1975, na hadi leo hutumika vyuoni. Kabla ya hapo alikuwa ameandika kitabu kuhusu redio barani Afrika (1963) na riwaya ya Le Fils d'Agatha Moudio, iliyochapishwa Yaoundé mwaka 1967. Riwaya hiyo ilimpatia mwaka uliofuata tuzo kuu ya fasihi ya Afrika kwa waandishi wa lugha ya Kifaransa.

Kuacha kazi

Mwaka 1974 Bebey aliacha kazi UNESCO. Alikuwa na umri wa miaka 45, ana mke na watoto, na cheo alichokiacha kilikuwa cha aina ambayo watu wengi hukishikilia mpaka siku ya kustaafu. Tangu hapo aliishi kwa maonyesho, vitabu na santuri zake.

Kuwa na lebo yake mwenyewe kulikuwa na faida na hasara. Kampuni kubwa ya santuri hulipia studio, mafundi, uchapishaji na matangazo, lakini nayo hutaka wimbo unaofanana na ule uliouzwa mwaka uliopita. Anayejitolea santuri mwenyewe huamua kila kitu, na hulipia kila kitu. Santuri zake huchapishwa kwa idadi ndogo na huishia mikononi mwa watu wachache. Ndivyo ilivyokuwa kwa rekodi nyingi za Bebey, ingawa alitoa albamu zaidi ya 20 katika maisha yake.

Kilichomwezesha kuendelea ni kwamba hakuwa mtu wa aina moja tu ya muziki. Katika nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa, wengi walimjua kwa nyimbo zake za kuchekesha. Agatha ni malalamiko ya mume ambaye mkewe mweusi amezaa mtoto asiyefanana naye kwa rangi. La condition masculine humkejeli mwanamume anayesikitika kwamba siku hizi mkewe amesikia habari za haki za wanawake. Msikilizaji aliyecheka nyimbo hizo huenda hakujua kamwe kwamba mtu huyohuyo alitunga vipande vya gitaa pekee vya kuchezwa katika kumbi tulivu, ambamo mwili wa gitaa hupigwa kama ngoma.

Sanza, filimbi na mashine ya ngoma

Majaribio yake maarufu zaidi yalianza katikati ya miaka ya 1970. Vifaa havikuwa vingi: gitaa, kinanda cha umeme, mashine ndogo ya kutoa midundo ya ngoma, na kinasa sauti chenye njia kadhaa. Kinasa cha namna hiyo humruhusu mtu mmoja kurekodi sauti moja, kuirudisha na kuisikiliza, kisha kuongeza nyingine juu yake. Bebey aliweza kuanza na mdundo wa mashine, akaongeza besi, kisha sanza, kisha sauti yake mwenyewe mara mbili au tatu, mpaka mtu mmoja akasikika kama kikundi kizima.

Sanza ni ubao au kisanduku kidogo chenye vipande vyembamba vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Afrika Mashariki inafahamu ala za ukoo huohuo. Wagogo wa Dodoma huiita yao ilimba, na nchini Kongo kuna likembe. Kwa Wagbaya wa Kamerun na Jamhuri ya Afrika ya Kati, sanza hupigwa kwa sauti ya chini na mtu anayetafakari, si kwa ajili ya kuchezesha umati. Ina noti chache, na mpangilio wa noti hizo hautokani na piano. Mwanamuziki anayeiweka kando ya kinanda cha umeme lazima achague: airekebishe sanza ifuate kinanda, au akiache kinanda kiifuate sanza. Katika rekodi bora za Bebey sanza ndiyo inayoongoza, na mashine inabaki nyuma ikirudia mdundo.

Ala nyingine ni n'dehou, filimbi ya mianzi ya jamii za misituni Afrika ya Kati. Filimbi hii hutoa noti moja tu. Mpigaji hupuliza noti hiyo, kisha huimba noti nyingine kwa koo, kisha hupuliza tena, kwa kasi kiasi kwamba masikio husikia wimbo mmoja usiokatika. Bebey aliipiga hivyo jukwaani na katika rekodi zake.

Katikati ya miaka ya 1980 albamu yake ya sanza, Akwaaba, ilitolewa Marekani na Original Music, lebo ndogo ya John Storm Roberts. Mwingereza huyo aliwahi kuwa mwandishi wa habari nchini Kenya, na lebo yake ilitoa pia mkusanyo wa muziki wa Waswahili.

Bebey alitunga vilevile muziki wa Yam Daabo, filamu ya Idrissa Ouédraogo wa Burkina Faso.

Baada ya kifo chake

Bebey alifariki Paris akiwa na umri wa miaka 71. Mpiga gitaa John Williams alitunga kipande kiitwacho Hello Francis kwa heshima yake. Santuri za Ozileka wakati huo zilikuwa hazipatikani kwa urahisi.

Hali hiyo ilibadilika miaka ya 2010, pale lebo ya Kifaransa Born Bad Records ilipotoa mikusanyo miwili: African Electronic Music 1975–1982, na mwaka 2014 Psychedelic Sanza 1982–1984. Vijana wa Ulaya na Marekani waliozaliwa baada ya rekodi hizo kufanywa wakazipokea kama muziki mpya. Mwaka 2017 kikundi cha Arcade Fire cha Kanada kilitumia sehemu ya filimbi ya The Coffee Cola Song katika wimbo wake Everything Now. Aliyealikwa kupiga filimbi hiyo alikuwa mwanawe, Patrick Bebey, ambaye naye ni mwanamuziki. Binti yake, Kidi Bebey, ni mwandishi. Alisimulia maisha ya familia hiyo katika kitabu Mon royaume pour une guitare, kilichotoka mwaka 2016.